Utafiti wa dawa unapobadilishwa katikati

Watu wengi wakisikia kwamba utafiti wa dawa umebadilishwa au umesimamishwa kabla ya muda wake hushuku kuna jambo linalofichwa. Shaka hiyo haifai kudharauliwa. Hata hivyo, mara nyingi mabadiliko ya namna hiyo ndiyo yanayowalinda wagonjwa.

Katika majaribio ya tiba, wagonjwa waliokubali kushiriki hugawanywa kwa kura. Kundi moja hupata tiba mpya, jingine hupata tiba iliyozoeleka. Huku kazi ikiendelea, kamati huru ya wataalamu, isiyo na faida yoyote katika dawa hiyo, huyachunguza matokeo yaliyokwisha kupatikana.

Chukua mfano wa dripu. Mzazi wa hapa Nyakoe anayemkimbiza mtoto mwenye homa kali hospitalini Kisii hutarajia kuona maji yakifunguliwa mara moja. Hata madaktari waliamini kwamba mtoto ambaye damu yake haizunguki vizuri kutokana na homa kali aongezwe maji mengi kwa haraka. Mwaka 2009 utafiti uitwao FEAST ulianza kupima imani hiyo katika hospitali 6 za Kenya, Uganda na Tanzania. Ilipangwa kuwaandikisha watoto 3,600. Januari 2011, wakiwa wamefikia 3,141, kamati huru ilishauri usimamishwe. Katika saa 48 za kwanza, watoto kati ya 10 na 11 katika kila 100 waliopewa maji ya haraka walikuwa wamefariki, hali wale ambao hawakupewa walikuwa 7 hivi. Kungoja idadi itimie kungegharimu maisha zaidi.

Tahadhari: utafiti huo haukuwahusu watoto wanaoharisha. Mtoto anayeharisha hupoteza maji mengi na ni lazima arudishiwe.

Wakati mwingine utafiti hausimamishwi wote, bali hupunguzwa. Mwaka 2013 na 2014 wagonjwa 365 wa kifua kikuu nchini Tanzania na Afrika Kusini waligawanywa katika makundi matano. Hesabu ya katikati ilipoonyesha kwamba makundi mawili yaliyopewa dawa mpya iitwayo SQ109 hayakufikia kiwango kilichowekwa, yalifungwa kuandikisha wagonjwa, na mengine yakaendelea. Kundi lililopewa rifampisini kwa kipimo kikubwa lilifanya vizuri: nusu ya wagonjwa wake makohozi yalikuwa safi kufikia siku ya 48, badala ya siku ya 62 kwa tiba ya kawaida.

Lakini kuchungulia matokeo kuna hatari yake. Fikiria mechi ya Shabana na Gor Mahia. Kama refa angeruhusiwa kupuliza kipenga cha mwisho wakati wowote, angengoja timu aipendayo itangulie kwa bao moja, kisha amalize mchezo. Bao lingekuwa halali, lakini ushindi ungekuwa wa uongo. Mtafiti anayetazama hesabu kila siku na kusimama pale dawa yake inapoongoza hufanya vivyo hivyo. Kwa hiyo sharti iandikwe kabla ya mgonjwa wa kwanza kuandikishwa: hesabu itafanywa lini, na ni matokeo gani yatakayoleta mabadiliko. Badiliko lisilotazamiwa nalo lazima lipitishwe kwanza na kamati ya maadili, isipokuwa pale mgonjwa anapohitaji kuondolewa hatarini mara moja.

Ukiombwa wewe au mtoto wako kushiriki katika utafiti, uliza kabla ya kutia sahihi: Ni nani atakayechunguza matokeo katikati? Dawa ninayopewa ikionekana kuwa dhaifu au ya hatari, nitaarifiwa vipi? Utafiti ukisimamishwa, ni nani atakayeendelea kunitibu? Una haki ya kujibiwa kwa lugha unayoielewa, na una haki ya kujitoa wakati wowote bila kunyimwa matibabu.