IST ya mkononi: Wanayoyajua wamiliki kabla hujatoa hela yako

Kwenye foleni ya Ubungo au Mwenge, Dar es Salaam, ni vigumu kukaa dakika tano bila kuiona Toyota IST. Ni gari la kwanza la mwalimu, la mama mwenye duka, la kijana wa teksi mtandao. Kwa wengi, hela ya kulinunua ni akiba ya miaka au mkopo wa SACCOS. Ukikosea siku ya kununua, utalipia kosa hilo muda mrefu gereji.

Waliokaa nalo miaka mingi hulisifia, lakini sifa zao zina masharti.

Ni gari gani hasa?

Toyota ilianza kuuza IST nchini Japani mwaka 2002. Toleo la kwanza lilidumu hadi 2007, likafuatiwa na la pili lililoendelea hadi 2016. Zilizojaa zaidi mitaani Tanzania ni za toleo la kwanza, ambazo mita zake ziko katikati ya dashibodi badala ya mbele ya dereva. Marekani gari hilohilo liliuzwa kwa jina la Scion xA.

Namba ya chesisi inaeleza mengi. NCP60 ni injini ya lita 1.3, ile ambayo matangazo huiandika "CC 1290". NCP61 ni ya lita 1.5. NCP65 nayo ni ya lita 1.5, ila ni 4WD.

Kwa mizunguko ya mjini, CC 1290 inatosha. Anayepanda milima mara kwa mara akiwa na abiria wanne na AC imewashwa huona tofauti, na wengi wa aina hiyo hupendelea lita 1.5. 4WD husaidia kwenye utelezi, lakini huongeza uzito, ulaji wa mafuta na vifaa vya kuhudumia.

Kwa nini linapendwa

La kwanza ni mafuta. Wamiliki wengi hutaja kilomita 12 hadi 15 kwa lita kwenye barabara iliyo wazi. Kwenye foleni hushuka.

La pili ni spea. IST imejengwa juu ya msingi wa Vitz, na injini zake ni za familia moja na zile za Platz, Funcargo na Probox. Ndiyo maana ukienda Gerezani au Kariakoo hukosi kifaa, na karibu kila fundi ameshaifungua.

La tatu ni kuuzika. Mwenye IST akipatwa na shida ya ghafla, hakai na tangazo muda mrefu.

"Namba E" si umri wa gari

Hapa ndipo wengi huumia. Dalali akisema gari ni "namba E", anazungumzia herufi za namba ya usajili wa Tanzania. Herufi hizo zinaonyesha gari lilisajiliwa nchini lini. Hazisemi lilitengenezwa lini.

IST ya 2003 inaweza kuwa imeingia nchini miaka mingi baadaye na kupewa namba mpya. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Tanzania huyaruhusu, ila huyatoza ushuru wa ziada kwa sababu ya umri. Kwa hiyo namba mpya juu ya gari kuukuu ni jambo la kawaida. Mwaka wa kuangalia ni ule ulioandikwa kwenye kadi.

Mita ya kilomita nayo isiaminiwe peke yake, kwa kuwa hurudishwa nyuma. Kama muuzaji bado ana cheti cha kusafirishia gari kutoka Japani, kilomita huwa zimeandikwa humo. Zilizo kwenye dashibodi zikiwa chache kuliko za kwenye cheti, mita imechezewa.

Magonjwa yake

Kula oili: Injini iliyochoka, ringi za pistoni zikiwa zimekwisha au kuganda, huanza kuchoma oili. Moshi wa bluu asubuhi wakati wa kuwasha ni dalili. Ndiyo maana mnunuzi anashauriwa afike gari likiwa limepoa. Akikuta muuzaji ameshaliwasha na kulipasha moto, ajiulize kwa nini.

Kuchemsha: Maji matupu kwenye rejeta badala ya kolanti huleta kutu. Mafundi wengine huitoa kabisa thamostati wakidhani wanasaidia. Matokeo yake injini haifikii joto lake sahihi, kompyuta inaendelea kumwaga mafuta mengi, na mwenye gari analalamika kuwa IST inakula mafuta. Ikishachemsha vibaya, gasketi ya silinda hedi huungua, na hapo gharama ni nyingine.

Miguu ya mbele: Barabara zetu humaliza bushi, shokapu, boljointi na linki za stabilaiza. Mlio wa "ko-ko-ko" kwenye matuta unatoka huko. Si ugonjwa wa kulikataa gari, ila ni sababu ya kushusha bei.

Gia boksi: Gari likishtuka unapotoka P kwenda D, au likichelewa kubadili gia, oili ya gia ikaguliwe. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, ni bora kuliacha. Aina ya oili inayotakiwa imeandikwa kwenye kijiti cha kupimia, na kuweka aina yoyote iliyopo dukani kumeua gia boksi nyingi.

Taa ya injini: Swichi ikifunguliwa kabla ya kuwasha, taa hiyo lazima iwake, kisha izime injini ikiwaka. Isipowaka kabisa, huenda imekatwa kuficha tatizo.

"Ilikuwa ya mama, haijafanya biashara"

IST nyingi zimefanya kazi ya teksi mtandao, baadhi kwa mkataba ambapo dereva analeta hesabu mpaka gari liwe lake. Gari la biashara huzunguka kutwa nzima, wakati mwingine madereva wakipokezana.

Siti ya dereva iliyobonyea, raba za pedali zilizolika, milango ya nyuma iliyolegea na alama ya kishikio cha simu kwenye dashibodi vinasema ukweli kuliko dalali. Si kwamba gari la teksi halifai. Lenye historia ya huduma linaweza kuwa zima kuliko la nyumbani lililosahaulika. Tatizo ni kulinunua kwa bei ya gari la nyumbani.

Kabla ya kulipa

Fundi wa kukagua awe wa mnunuzi, si wa dalali. Namba ya chesisi na ya injini zilingane na kadi. Jina kwenye kadi liwe la anayeuza. Kama si lake, aoneshe mkataba wa mauziano unaomfikisha kwa mwenye jina hilo. Faini za barabarani zikaguliwe kwenye mfumo wa Jeshi la Polisi kwa namba ya gari, na uhamisho wa umiliki TRA ufanyike mara moja.

Mwisho, isitumike hela yote kwenye kununua. Wazoefu hubakiza ya oili, plagi, chujio, kolanti na tairi, kwa sababu kazi hizo huanza wiki ya kwanza.