Wekundu wa Nyama Si Kipimo cha Usafi: Fahamu Madhara ya Metabaisalfaiti

Mkaazi akifika kwenye bucha, kitu cha kwanza anachotazama ni rangi. Nyama nyekundu hupimwa na kufungwa. Iliyoanza kubadilika rangi hukataliwa, hata kama bado ni nzima. Wauzaji wanalijua hilo, na baadhi yao wametafuta njia ya mkato: unga mweupe unaoifanya nyama ya juzi ionekane kama imechinjwa leo asubuhi.

Unga huo huitwa sodiamu metabaisalfaiti. Wakenya wengi walilisikia jina hilo kwa mara ya kwanza Julai 2019, makala ya uchunguzi ya runinga ya NTV ilipodai kuwa kemikali hiyo ilikuwa ikitumiwa kwenye nyama katika baadhi ya supamaketi. Mjadala ulipamba moto kwa majuma machache, kisha ukapoa. Unga wenyewe bado unauzwa, kwa sababu una matumizi mengine yaliyo halali. Ndiyo maana ni muhimu kwa kila mkaazi kuelewa ni kitu gani, unaruhusiwa wapi, unadhuru vipi, na afanye nini akiwa na shaka.

Metabaisalfaiti ni nini?

Ni mojawapo ya kemikali za jamii ya salfaiti, zinazotumika kuzuia chakula kisiharibike. Ikichanganyika na maji au unyevu wa chakula, hutoa gesi ya salfa dioksidi, ile yenye harufu kali inayofanana na ya kiberiti kilichowashwa sasa hivi. Gesi hiyo huzuia ukuaji wa ukungu na baadhi ya bakteria, na pia huzuia chakula kugeuka rangi na kuwa cha kahawia.

Kwa kazi hiyo, viwanda duniani kote huitumia kwa vipimo maalum katika matunda yaliyokaushwa, sharubati, siki, mvinyo na viazi vilivyomenywa tayari kwa kupikwa chipsi. Wavuvi na wasindikaji huitumia pia kuzuia madoa meusi kwenye kamba wa baharini. Kwenye pakiti, salfaiti hutambulishwa kwa namba E220 hadi E228, na metabaisalfaiti ya sodiamu ni E223. Pasipo na namba, tafuta kwenye orodha ya viungo neno lenye herufi "sulph" au "sulf".

Kwa hivyo kuikuta E223 kwenye pakiti ya zabibu kavu si sababu ya kuingiwa na hofu. Mtengenezaji ameitaja, ana kipimo cha kufuata, na mtu ambaye mwili wake hauipatani anaweza kusoma na kuiacha pakiti hiyo rafuni. Hatari huanza pale kemikali inapotumiwa mahali isipostahili, bila kipimo na bila mnunuzi kujua.

Kwa nini nyama?

Rangi ya nyama hutokana na protini iitwayo mayoglobini. Nyama ikikatwa sasa hivi, ndani huwa na rangi ya zambarau iliyokolea. Ikipata hewa kwa muda mfupi huwa nyekundu ya kung'aa. Ikikaa siku kadhaa, hugeuka kahawia. Mabadiliko haya ni ya kawaida, na ukahawia peke yake hauna maana kwamba nyama imeoza.

Metabaisalfaiti huizuia nyama isigeuke kahawia, na hata iliyokwisha kubadilika inaweza kurudishiwa wekundu. Lakini inachorudisha ni rangi tu. Bakteria waliokwisha kuzaana kwenye nyama iliyolala nje ya jokofu hawatoweki kwa kunyunyiziwa unga, na sumu ambazo baadhi yao wameshaziacha ndani ya nyama hubaki. Mnunuzi hunyang'anywa dalili ambazo zingemwonya, kisha hupeleka nyumbani nyama ambayo asingeinunua kama angeiona katika hali yake halisi.

Kwa sababu hiyo, Marekani hairuhusu salfaiti kwenye nyama, na Umoja wa Ulaya hauiruhusu kwenye nyama mbichi ya kawaida. Nchini Uingereza na katika Umoja wa Ulaya huruhusiwa kwenye aina chache za soseji na nyama ya kusaga ya baga zilizochanganywa na nafaka au mboga, kwa kiwango kisichozidi miligramu 450 kwa kila kilo, na lazima itajwe kwenye lebo.

Inadhuru vipi?

Kundi lililo hatarini zaidi ni wagonjwa wa pumu. Tafiti mbalimbali zimekadiria kuwa kati ya watu 3 na 10 katika kila watu 100 wenye pumu huathiriwa na salfaiti. Kifua hubana, pumzi hukatika, na mgonjwa anaweza kupata shambulio kali ndani ya dakika chache baada ya kula. Wengine, hata wasio na pumu, huota vipele vya kuwasha, huumwa na tumbo, huharisha au huhisi kichwa kuuma. Ni wachache wanaopata mzio mkali unaoweza kuua.

Nchini Marekani, baada ya ripoti za watu kuugua na wengine kufa kwa kula salfaiti, serikali ilipiga marufuku mwaka 1986 matumizi yake kwenye matunda na mboga zinazoliwa mbichi. Tangu wakati huo, chakula cha pakiti chenye miligramu 10 au zaidi za salfaiti kwa kila kilo sharti kiitaje kwenye lebo. Ulaya nayo inatumia kigezo hicho cha miligramu 10.

Dhara la pili halionekani haraka. Salfaiti huharibu vitamini B1 iliyomo kwenye chakula, vitamini ambayo mwili huhitaji ili kupata nguvu kutoka kwa wanga na kuendesha mishipa ya fahamu. Mzazi anayejinyima ili watoto wapate nyama mara moja kwa juma anaweza kuwa amenunua chakula kilichopunguzwa lishe.

Dhara la tatu humpata muuzaji mwenyewe. Unga huu ukiingia machoni unaweza kuyadhuru vibaya, na gesi inayotoka kwenye ndoo ya mchanganyiko huwasha koo na mapafu. Kijana wa bucha anayechovya nyama humo kila siku bila glavu wala barakoa, katika chumba kisicho na dirisha, yumo hatarini kuliko mteja wake.

Kiasi gani ni kingi?

Kamati ya pamoja ya wataalamu wa Shirika la Afya Duniani na Shirika la Chakula na Kilimo iliweka kiwango cha juu cha miligramu 0.7 za salfaiti kwa siku kwa kila kilo ya uzito wa mwili. Mtu mzima wa kilo 60 hatakiwi kupita miligramu 42. Mtoto wa kilo 15 hatakiwi kupita miligramu 10.5. Mwaka 2022, Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya iliupitia upya ushahidi na kuonya kuwa walaji wakubwa wa vyakula vyenye salfaiti wanaweza kuwa hatarini.

Tuchukulie nyama imetiwa miligramu 450 kwa kilo, kile kiwango cha juu cha soseji za Uingereza. Robo kilo ya nyama hiyo itakuwa na takriban miligramu 112, zaidi ya mara mbili ya kiwango cha mtu mzima. Vipande vichache vya jumla ya gramu 50 kwenye sahani ya mtoto vitakuwa na zaidi ya miligramu 22, mara mbili ya kiwango chake. Kupika hupunguza sehemu ya kemikali hiyo, lakini hakuiondoi yote. Na hapo tumechukulia kuwa kuna aliyepima. Anayetumia kijiko na ndoo nyuma ya bucha hapimi chochote.

Sheria inasemaje?

Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa kila mtumiaji haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa, kupewa habari anazohitaji kuhusu bidhaa hizo, na kulindwa afya yake. Sheria ya Vyakula, Dawa na Kemikali, Sura ya 254, inakataza kuuza chakula chenye kitu cha kudhuru au kilichoghushiwa, na pia inakataza kukitayarisha au kukiuza chakula kwa namna inayomdanganya mnunuzi kuhusu hali na ubora wake. Anayepatikana na hatia anaweza kutozwa faini, kufungwa, au vyote viwili. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, na Sheria ya Udhibiti wa Nyama, Sura ya 356, zinaongeza masharti kuhusu usafi, machinjio na usafirishaji.

Chini ya Jedwali la Nne la Katiba, utoaji wa leseni na udhibiti wa biashara za chakula, huduma za mifugo na machinjio ni kazi za serikali za kaunti. Afisa wa afya ya umma, ambaye wazee wetu bado humwita bwana afya, ana mamlaka ya kuingia kwenye bucha, kukagua, kuchukua sampuli na kuzuia chakula kinachotiliwa shaka kisiuzwe. Sampuli hupelekwa maabara, ambako hupimwa kiasi cha salfa dioksidi kilichomo. Hakuna macho wala pua, hata ya mtaalamu, inayoweza kuchukua nafasi ya kipimo hicho.

Mnunuzi afanye nini?

• Uliza muhuri. Nyama iliyokaguliwa machinjioni huwa na alama ya mkaguzi kwenye mzoga. Isiyo nayo usiinunue, hata ikiwa ya bei nafuu.

• Tazama mahali ilipowekwa. Nyama inayoshinda kutwa nzima kwenye joto bila jokofu, kisha jioni bado inang'aa nyekundu kama ya asubuhi, inastahili maswali.

• Nusa na uguse. Nyama yenye utelezi, inayonata vidoleni, yenye harufu ya kuoza au harufu ya kiberiti, iache.

• Usiamini nzi. Wako watu wanaosema nyama isiyotuliwa na nzi ina dawa. Bucha safi yenye kioo na wavu haina nzi pia, na kuwepo kwa nzi hakuithibitishi nyama kuwa salama.

• Usiikatae nyama kwa ukahawia peke yake ikiwa imetoka kwenye jokofu na haina harufu mbaya wala utelezi. Wateja wakidai wekundu tu, muuzaji hushawishika kuutafuta kwenye ndoo.

• Mwenye pumu asome lebo za sharubati, matunda makavu na soseji, na awe karibu na inhela yake. Kifua kikibana baada ya kula, atumie dawa yake na afikishwe kituo cha afya mara moja, akieleza alichokula.

Kwa wafanyabiashara

Kinachoihifadhi nyama ni baridi. Nyama iliyowekwa chini ya nyuzi 4 za Selisiasi huchelewa kuharibika bila kutiwa kitu chochote. Asiye na jokofu la kutosha anunue kiasi kinachomalizika siku hiyo, hata kama ni nusu mzoga kwa kushirikiana na jirani. Visu, mbao na nguo safi, na cheti cha afya cha mhudumu kinachofanywa upya kila baada ya miezi sita, vinalinda biashara kuliko unga wowote.

Tunajua pia kuwa wauzaji waaminifu ndio wanaoumia. Anayetupa nyama iliyoharibika hupata hasara, huku jirani yake akiipaka wekundu na kuiuza kwa bei ile ile. Kumripoti mdanganyifu si kumchongea mwenzako. Ni kulinda riziki ya wanaofuata sheria.

Ukiwa na shaka

Usiitupe nyama unayoishuku. Ifunge kwenye mfuko safi, iweke kwenye baridi, na uhifadhi risiti kama unayo. Andika jina la bucha, siku na saa uliyonunua. Kisha fika kwa afisa wa afya ya umma katika kituo cha afya kilicho karibu nawe au kwenye ofisi ya kaunti ndogo. Msimamizi wa wadi na chifu pia wanaweza kukuelekeza. Kwa bidhaa ya pakiti iliyo na lebo ya kutilia shaka, malalamiko hupelekwa pia kwa Shirika la Viwango nchini, KEBS.

Si lazima uwe na uhakika ndipo uripoti. Kuthibitisha ni kazi ya maafisa na maabara. Kwako inatosha kusema mapema, kabla nyama iliyobaki kwenye ndoano haijafika kwenye sahani ya mtoto wa mtu mwingine.