Seli Shina na Moyo Uliojeruhiwa: Kamati Ijibu Nini?



Robo mwaka iliyopita tulipokea barua kutoka kamati ya parokia moja. Muumini wao, baba wa watoto wanne, alipatwa na mshtuko wa moyo, na tangu hapo hawezi kutembea kutoka nyumbani hadi kanisani bila kupumzika njiani mara mbili au tatu. Ndugu zake walisikia kwamba iko kliniki ng'ambo inayochoma sindano za "seli shina" na kuufanya moyo kuwa mpya. Jumuiya ndogo ndogo zikaanza kuchanga. Kamati ilituuliza mambo mawili: je, tiba hiyo ni ya kweli? Na je, sisi tunaweza kujazia kiasi kilichopungua?

Swali hilo si la parokia hiyo peke yake, kwa hiyo tumeona vema kulijibu hapa ili kila kamati ipate kusoma.

Moyo huumiaje?

Moyo ni msuli wenye ukubwa wa ngumi ya mwenyewe, nao hupiga mara 100,000 hivi kwa siku. Ingawa damu yote ya mwili hupita ndani yake, msuli huo hulishwa na mishipa yake maalumu inayouzunguka kwa nje. Mshipa mmojawapo ukizibwa na donge la damu, sehemu ya msuli inayoutegemea hukosa oksijeni na huanza kufa katika muda wa saa chache. Huo ndio mshtuko wa moyo. Ukiwa mkubwa, waweza kuua seli za msuli zipatazo bilioni moja.

Mtu akijikata kidole, ngozi hujifunga na kupona. Moyo haufanyi hivyo. Mahali palipokufa hujazwa kovu. Kovu hilo huzuia moyo usipasuke, lakini halisukumi damu. Sehemu iliyobaki hubeba mzigo wote, hutanuka, na mwishowe huchoka. Ndipo mgonjwa huvimba miguu, hukosa pumzi, na hulala akiwa ameegemea mito.

Mwaka 2009 watafiti wa Taasisi ya Karolinska nchini Uswidi walionyesha kwamba seli za msuli wa moyo huzaliwa upya, lakini polepole mno: karibu asilimia 1 kwa mwaka kwa mtu wa miaka 25, na chini ya nusu ya hapo kwa mtu wa miaka 75. Kwa mwendo huo moyo hauwezi kuziba pengo la mshtuko mkubwa. Hapo ndipo wataalamu walipoanza kutazamia msaada wa seli shina.

Seli shina ni nini?

Seli nyingi za mwili zimekwisha kupangiwa kazi: hii ni ya ngozi, hii ya ini, hii ya msuli. Seli shina ni ile ambayo bado inaweza kuzaa seli za aina nyingine. Zinazojulikana zaidi zimo katika uloto, yaani ute laini ulio ndani ya mifupa, nazo hutengeneza damu maisha yetu yote. James Till na Ernest McCulloch wa Toronto, Kanada, walitoa ushahidi wa kwanza wa seli hizo mwaka 1961.

Upandikizaji wa uloto ni tiba iliyothibitishwa. Daktari E. Donnall Thomas wa Marekani aliyeuanzisha alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1990. Leo hutumika kutibu saratani kadhaa za damu na pia selimundu. Hapa Tanzania, Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ilianza kuwapandikiza uloto watoto wenye selimundu mwaka 2023. Kwa hiyo mtu akitaja seli shina, tusidhani mara moja kwamba anadanganya. Jambo la kuuliza ni hili: ni seli zipi, na kwa ugonjwa gani?

Zipo seli shina za aina nyingine. Mwaka 1998 James Thomson wa Chuo Kikuu cha Wisconsin alifaulu kuotesha seli shina kutoka viinitete vya binadamu. Seli hizo zaweza kuwa kiungo chochote, lakini ili kuzipata kiinitete huharibiwa. Ndiyo maana Kanisa Katoliki na Wakristo wengine wengi waliupinga utafiti huo, ingawa hawapingi matumizi ya seli shina za mtu mzima. Kisha mwaka 2006 Shinya Yamanaka wa Kyoto, Japani, alichukua seli za ngozi ya panya, akaziongezea jeni nne, zikarudi kuwa na uwezo kama wa seli za kiinitete. Mwaka uliofuata jambo hilo lilifanyika kwa seli za binadamu. Njia hiyo haihitaji kuharibu kiinitete, na utafiti mwingi wa moyo sasa unaitegemea.

Tumaini la mwaka 2001

Mwaka 2001 kundi la watafiti wa Marekani, akiwamo Piero Anversa, lilitangaza kwamba seli za uloto zilipochomwa katika moyo wa panya uliojeruhiwa zilizaa msuli mpya. Mwaka huohuo, mjini Düsseldorf, Ujerumani, mgonjwa wa mshtuko wa moyo aliingizwa seli za uloto wake mwenyewe kupitia mshipa wa moyo. Hospitali nyingine zilifuata haraka, kwa kuwa uloto wa mgonjwa mwenyewe hupatikana kwa urahisi na mwili wake haukatai.

Lakini mwaka 2004 makundi mawili ya watafiti yalirudia jaribio la panya, wala hayakuona msuli mpya. Seli za uloto zilibaki kuwa seli za damu. Anversa aliendelea kudai kwamba moyo una seli shina zake zenyewe, na wagonjwa wakatibiwa kwa msingi wa madai hayo. Mwaka 2017 hospitali ya Boston alikofanyia kazi, pamoja na mtandao wake wa hospitali, ilikubali kuilipa serikali ya Marekani dola milioni 10 kuhusu fedha za utafiti wa maabara yake. Oktoba 2018 hospitali hiyo na Chuo cha Tiba cha Harvard waliyataka majarida kufuta makala 31 za maabara hiyo, kwa sababu ya takwimu zilizoghushiwa.

Wapo watafiti wengine waliofanya kazi yao kwa uaminifu, na matokeo yao ndiyo yatupasayo kuyatazama. Jaribio la Ulaya liitwalo BAMI, lililochapishwa mwaka 2020, lilikuwa na wagonjwa 375 waliopatwa na mshtuko. Baada ya miaka miwili, waliofariki walikuwa asilimia 3.3 kati ya waliopewa seli za uloto na asilimia 3.8 kati ya wasiopewa. Wagonjwa hao walikuwa wachache kuliko ilivyopangwa, na tofauti hiyo ni ndogo mno kuthibitisha faida. Jaribio jingine, DREAM-HF, lililotolewa mwaka 2023, lilikuwa na wagonjwa zaidi ya 500 wenye moyo dhaifu. Sindano za seli hazikupunguza idadi ya mara walizolazwa tena hospitalini. Kulikuwa na dalili kwamba mishtuko ya moyo na kiharusi ilipungua, lakini dalili hiyo inahitaji jaribio lake lenyewe.

Kazi inaendelea

Hatusemi kwamba mlango umefungwa. Januari 2020 madaktari wa Chuo Kikuu cha Osaka walimwekea mgonjwa juu ya moyo utando mwembamba wa seli za msuli zilizooteshwa kwa njia ya Yamanaka. Januari 2025 watafiti wa Göttingen, Ujerumani, walieleza habari za mwanamke wa miaka 46 aliyeshonewa moyoni viraka 10 vyenye seli milioni 400. Miezi mitatu baadaye alipata moyo wa mtu mwingine, na moyo wake wa zamani ulipochunguzwa, viraka vilikutwa vikiwa hai na vimepata mishipa ya damu.

Hizo ni hatua kubwa. Hata hivyo, seli za moyo lazima zipige kwa pamoja. Zile ngeni zisipoungana vizuri na za mwenyeji, mapigo huvurugika, na hilo laweza kuua. Seli ambazo hazijakomaa zaweza kuzaa uvimbe. Na mgonjwa aliyewekewa seli za mtu mwingine huhitaji dawa za kuzuia mwili usizikatae. Ndiyo maana kazi hii hufanyika kwa wagonjwa wachache, chini ya uangalizi mkali.

Ombi likifika mezani

Tunawashauri wanakamati waulize maswali haya kabla ya kutangaza mchango:

1. Ni tiba au ni jaribio? Katika jaribio halali, kwa kawaida mgonjwa halipishwi kile kinachojaribiwa. Kliniki inayodai malipo makubwa kwa kitu ambacho hakijathibitishwa, tuiogope.

2. Kliniki hiyo inatibu nini kingine? Ikiwa sindano ileile inasemekana kuponya moyo, kisukari, magoti na upofu, hiyo ni dalili mbaya.

3. Mgonjwa anaumwa nini hasa? Vijana wengi wa kwetu wenye ugonjwa wa moyo wameharibika valvu, yaani milango ya moyo, kutokana na homa ya rumatiki. Sindano ya seli haitengenezi valvu. Wanaweza kuhitaji upasuaji, nao hufanyika hapa nchini katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam.

4. Daktari wake wa moyo anasemaje, na je, dawa alizoandikiwa anazipata kila mwezi?

5. Akirudi na matatizo, nani atamhudumia?

Kuhusu ugonjwa wa valvu tunapenda kuongeza jambo moja. Katika Uganda ya kaskazini watoto 818 waliogunduliwa na dalili za mwanzo za ugonjwa huo waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilichomwa penisilini kila baada ya wiki nne. Matokeo yalitolewa mwaka 2021: baada ya miaka miwili ugonjwa ulikuwa umeongezeka kwa watoto 33 wasiochomwa, na kwa watoto 3 tu waliochomwa. Parokia inayomkumbusha mtoto wa namna hiyo tarehe ya sindano yake, na inayohimiza wazazi kuwapeleka zahanati watoto wenye maumivu ya koo, inaokoa mioyo.

Tulivyojibu

Jibu letu kwa kamati ile halikuwa rahisi kuliandika, kwa maana tulijua litasomwa mbele ya mke wa mgonjwa. Tulisema kwamba hatutachangia safari hiyo, na tukaeleza sababu hizi mlizosoma. Tulisema pia kwamba tuko tayari kusaidia nauli ya kwenda kliniki ya moyo, vipimo, na dawa za kuusaidia moyo uliodhoofika, ambazo humwongezea mgonjwa siku na nguvu endapo hazikatizwi. Mwisho tuliwakumbusha kwamba fedha zilizochangwa kwa kusudi moja hazibadilishwi matumizi kabla ya kuwarudia waliochanga.

Kamati iliitisha kikao, ikawaeleza waumini ukweli wote, na waliochanga wakaulizwa. Wengi walikubali fedha zao zibaki kwa ajili ya dawa. Mgonjwa anaendelea na kliniki. Bado huchoka, lakini hajakosa vidonge hata mwezi mmojawapo. Kwa wale mnaotoa kidogo mlicho nacho, tunawaomba mzidi kuuliza maswali kama haya kabla ya kutoa.