Maji Ndiyo Yalainishayo Ngozi

Asubuhi, kabla jua halijapanda, wauzaji wa vipodozi katika Mtaa wa Kongo, Kariakoo, hupanga bidhaa zao juu ya meza: chupa ndogo za glisirini, makopo ya mafuta ya mgando, mafuta ya nazi yaliyotiwa katika chupa za maji ya kunywa, marashi ya waridi, na losheni ambazo maandishi yake aghalabu ni ya lugha asiyoisoma mnunuzi. Pembeni huweza kuwapo vikopo visivyo na maandishi yoyote. Mnunuzi akiuliza vina nini, hujibiwa kwamba ni vya kulainisha ngozi. Jibu hilo halitoshi, kwani kulainika kwa ngozi ni jambo ambalo sayansi imekwisha kulieleza, na maelezo yake hayahitaji kikopo kisicho na jina.

Tabaka la juu kabisa la ngozi limefanyika kwa chembe zilizokufa, zilizopangana mithili ya matofali, na katikati yake yamo mafuta yanayozishikamanisha. Katika sehemu nyingi za mwili unene wake hauzidi sana sehemu 2 za mia za milimita. Kwa muda mrefu watu waliamini kwamba ulaini wa tabaka hilo hutokana na mafuta. Mwaka 1952 mtafiti wa Marekani, Irvin Blank, alichapisha matokeo ya jaribio ambalo mtu yeyote angeweza kulifahamu. Vipande vya ngozi ngumu iliyokauka vilipotiwa katika mafuta vilibaki vigumu vilevile. Vilipopata maji vililainika. Kumbe kinacholainisha ngozi ni maji. Yakipungua chini ya sehemu 10 hivi katika 100 za tabaka hilo, ngozi hukakamaa, hupauka na hatimaye kupasuka.

Basi mafuta yana kazi gani? Kazi yake ni kufunika, kama kifuniko cha sufuria kinavyozuia mvuke. Mafuta ya mgando, ambayo Robert Chesebrough aliyapatia hataza huko Marekani mwaka 1872, hayana maji hata tone, lakini ni hodari kuliko mafuta mengi katika kuyazuia yasitoroke. Ndiyo sababu saa ya kujipaka ina uzito kuliko bei ya kopo. Anayeoga, akajifuta kidogo tu na kujipaka dakika chache baadaye, hufungia maji ndani ya ngozi. Anayejipaka adhuhuri juu ya ngozi iliyokwisha kukauka hupata mng'ao, si unyevu. Na anayejisugua kwa sabuni ya kufulia na maji ya moto huondoa yale mafuta ya asili yashikayo chembe, kisha huenda dukani kununua badala yake.

Glisirini hufanya kazi nyingine: huvuta maji. Asili yake ni mafuta ya mimea na wanyama, nayo hupatikana pia wakati wa kutengeneza sabuni. Katika hewa nyevu ya Dar es Salaam hunyonya unyevu kutoka nje. Lakini ikipakwa tupu mahali pakavu, kama vile ofisini penye kiyoyozi mchana kutwa, au Dodoma wakati wa kiangazi, huweza kuyavuta maji kutoka ndani ya ngozi na kuyaacha yapotee hewani. Hivyo haifai kupakwa tupu. Kijiko kimoja katika vijiko vinne au zaidi vya maji yaliyochemshwa na kupoa kinatosha, kisha mafuta yapakwe juu yake. Mchanganyiko huo utengenezwe kidogo kidogo, kwani maji yaliyokaa huota vijidudu. Asidi ya hayaluroniki, inayosifiwa sana siku hizi na kuuzwa ghali, iligunduliwa mwaka 1934 katika jicho la ng'ombe, nayo pia ni kishika maji. Magaga ya miguuni hutaka zaidi yurea, lakini ile iliyomo katika krimu ya duka la dawa. Yurea ya mbolea haikusafishwa kwa ajili ya mwili wa binadamu.

Wako wanaoongeza maji ya ndimu katika glisirini. Desturi hiyo ni ya kuachwa, kwani ndimu ina kemikali ambazo, zikipigwa na jua zikiwa juu ya ngozi, huiunguza na kuacha mabaka meusi ya miezi mingi.

Yote hayo ni madogo yakilinganishwa na mkorogo. Uchunguzi wa Kelly Lewis na wenzake, uliochapishwa mwaka 2011 baada ya kuwahoji wanawake wa Dar es Salaam waliochubua ngozi zao, ulionyesha kwamba si wote waliofuata weupe peke yake. Walikuwapo waliotaka kuondoa vipele, na waliotaka ngozi laini. Yaani mtu hutafuta maji, akapewa sumu. Zebaki hupenya ngozini na kudhuru figo, na kwa mama mjamzito humfikia mtoto tumboni. Haidrokwinoni ikitumiwa muda mrefu huweza kuacha weusi wa kibuluu usofutika. Krimu kali za steroidi huifanya ngozi kuwa nyembamba, yenye michirizi, na vidonda vyake huchelewa kupona. Zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku katika vipodozi nchini, na tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi umekuwa mikononi mwa Shirika la Viwango Tanzania. Lakini kikopo kilichojazwa uchochoroni hakipiti maabara yoyote, na ulaini wa siku za kwanza ndio umpumbazao mnunuzi.

Aliyekwisha kutumia kikopo cha namna hiyo asisubiri dalili, wala asijitibu kwa kingine. Ngozi iliyozoea steroidi huweza kulipuka kwa vipele, muwasho na maumivu ya moto pindi inapoachishwa ghafla, na wengi hapo hurudia mkorogo wakidhani ndio dawa. Aende kliniki ya ngozi mapema, tena akichukue kikopo chenyewe, hata kikiwa kitupu, kwa kuwa mara nyingi daktari hana njia nyingine ya kujua kilichokuwamo.