Fumbo la maneno la Kiswahili hutungwa kuanzia mwishoni

MTU anayejaribu kwa mara ya kwanza kutunga fumbo la maneno kwa Kiswahili, lile la vijisanduku vyeupe na vyeusi ambalo wasomaji wa magazeti hulijaza kwa kalamu wakinywa chai, aghalabu huishia njiani. Mstari wa kwanza huja upesi. Wa pili nao huja. Afikapo kwenye wa tatu au wa nne, maneno yanayoteremka hukataa kupatana na yale yanayolala, karatasi hufutwafutwa hadi ikatoboka, na mtunzi hukata kauli kwamba Kiswahili hakifai kwa mchezo huo.

Kauli hiyo si sahihi, tena ina madhara. Mwalimu anayeiamini atawapa wanafunzi wake mafumbo ya Kiingereza pekee, na mhariri anayeiamini atanunua yaliyotungwa ng'ambo. Kumbe kinachokataa si lugha, bali ni jedwali lililoazimwa kutoka lugha nyingine pamoja na desturi zake.

Fumbo la kwanza la aina hii lilichapishwa Desemba 21, 1913 katika gazeti la New York World nchini Marekani. Mtunzi wake, Arthur Wynne, alikuwa mwanahabari mzaliwa wa Liverpool, Uingereza, na jedwali lake lilikuwa na umbo la almasi. Mwaka 1924 kampuni ya Simon & Schuster ikatoa kitabu kizima cha mafumbo hayo, na wazimu ukaenea. Baadaye mchezo uligawanyika matawi mawili. Wamarekani walishikilia kwamba kila herufi katika jedwali sharti iwe ya maneno mawili, moja la mlalo na jingine la kushuka. Waingereza wakalegeza kamba: jedwali lao lina matundu kama wavu, na takriban nusu ya herufi za kila neno hazikutani na neno lolote lingine.

Kufumba na kufumbua kwenyewe si jambo geni kwa Waswahili. Watoto walitegeana vitendawili jioni kabla magazeti hayajafika katika pwani hii, na Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa aliyefariki takriban mwaka 1840, alisifika kwa beti zenye maana ya juu na maana ya ndani. Lililo geni ni vijisanduku tu.

IRABU YA MWISHO

Neno la Kiswahili, tukiondoa majina ya watu na maneno machache mno ya kukopa, humalizikia kwa irabu. Kila mwanafunzi wa shule ya msingi analijua hilo. Asilolitambua mtunzi mgeni ni matokeo yake katika jedwali. Tuseme amechora mraba usio na kijisanduku cheusi hata kimoja, akakusudia kuujaza kila mstari kwa neno kamili. Herufi ya mwisho ya kila mstari itakuwa irabu. Kwa hivyo safu ya mwisho, ile inayoteremka upande wa kulia, itakuwa irabu tupu kutoka juu hadi chini! Maneno ya namna hiyo yanahesabika kwa vidole: oa, ua, au, eua. Mstari wa chini nao unakumbwa na balaa iyo hiyo, maadamu ndiko maneno yote ya kushuka yanakoishia.

Hapa ndipo mtindo wa Kimarekani unapomshinda mtunzi wa Kiswahili, na si kwa uzembe wake. Wavu wa Kiingereza, kinyume chake, unakubali vizuri mno, kwa sababu katika wavu herufi moja hukutana na neno jingine na inayoifuata haikutani na lolote. Kinachotakiwa upande wa kulia na katika mstari wa chini ni neno linaloanza kwa irabu, likafuatwa na konsonanti, kisha irabu, na kuendelea hivyo hadi mwisho: amani, elimu, imani, adabu, usiku, ukuta. Kiswahili kina maneno hayo tele, hasa yale yanayoanza kwa u- na yale yaliyotokana na Kiarabu.

Basi hapo ndipo pa kuanzia. Mtunzi wa Kiingereza huanza juu kushoto. Wa Kiswahili na aanze kwa kulia na chini, ambako nafasi ni finyu, kisha arudi juu kushoto ambako maneno yanayoanza kwa konsonanti yatajaa bila taabu. Mfano mdogo wa vijisanduku vitano kwa vitano ulijengwa hivyo, kwa kuweka kwanza AMANI upande wa kulia na ASALI chini:

K A N G A
A ■ Y ■ M
M W A K A
B ■ M ■ N
A S A L I

Mlalo kuna kanga, mwaka na asali. Kushuka kuna kamba, nyama na amani. Jedwali likigeuzwa juu chini, vijisanduku vyeusi hubaki palepale; ulinganifu huo ni desturi iliyoheshimiwa kwa miongo mingi, ingawa hakuna atakayeshtakiwa kwa kuivunja. Katika jedwali kubwa la vijisanduku 13 au 15 kila upande, kanuni haibadiliki. Kila kijisanduku cheusi kinachofuata mwisho wa neno ni ukingo mwingine, na irabu itakaa hapo tu.

Kuna kishawishi cha kuepuka. Kwa kuwa kitenzi cha Kiswahili hubeba nafsi, wakati na mtendwa ndani ya neno moja, karibu pengo lolote laweza kuzibwa kwa "alimla" au "wamtue". Ni maneno halali, lakini hayana ladha. Mfumbuaji hana njia ya kuyafikia ila kubahatisha nafsi na wakati. Mawili katika jedwali zima yanatosha. Yakizidi matatu, msomaji atajua kwamba mtunzi alichoka.

KIDOKEZO NA NGELI

Jedwali likikamilika, kazi tamu ndiyo kwanza inaanza. Kidokezo cha kivivu hutoa maana ya kamusi na kunyamaza. "Miezi kumi na miwili" ni kidokezo sahihi cha mwaka, lakini hakimfanyi yeyote atabasamu. Kiswahili kimejaliwa maneno mengi yenye sura moja na maana mbalimbali, na hayo ndiyo hazina ya mtunzi. Paa ni mnyama, ni sehemu ya nyumba, na pia ni kwenda juu. Kaa hutembea ufuoni, huwaka jikoni, na ni amri kwa mgeni aliyesimama mlangoni. Mbuzi hula majani, na mwenziwe hukuna nazi.

Katika jedwali la hapo juu, kanga anaweza kufumbwa hivi: "Ndege wa madoadoa ambaye wanawake wa pwani humvaa." Kiambishi -m- kinamvuta msomaji kwa ndege, kitenzi kinamvuta kwa nguo, na pale mawili yanapogongana ndipo jibu linapotokea. Kamba naye: "Baharini huvuliwa, malishoni hufunga ng'ombe." Vidokezo hivyo vinapotosha bila kusema uongo. Mtunzi ana ruhusa ya kumpeleka mfumbuaji njia ya mbali, mradi njia yenyewe ifike nyumbani.

Ngeli inadai uangalifu wa pekee. Jibu likiwa katika wingi, kidokezo nacho kiwe katika wingi. Jibu likiwa "soma", kidokezo kisiulize maana ya "kusoma". Isitoshe, kiambishi kimoja huweza kufichua siri yote: anayeandika "nyuki hukitengeneza" amekwisha kumwambia msomaji kwamba jibu ni la ngeli ya KI-VI, naye ataandika kiota au kitu kingine cha kumfaa, wakati jedwali linataka asali. Aliyeandika hivyo hakufumba, alikosea.

Kuhusu herufi, desturi iliyozoeleka ni kijisanduku kimoja kwa herufi moja, hata pale herufi mbili zinapotoa sauti moja. Chungwa, kwa hivyo, lina vijisanduku saba. Ritifaa ya ng' haina mahali pa kukaa, nayo huachwa, jambo linalozaa mzaha wake: katika jedwali, ng'oa ya kung'oa kisiki na ngoa ya wivu huandikwa sawasawa. Mtunzi mwerevu hulitumia hilo. Asiye mwerevu hulisahau, akapokea barua.

KAMUSI IPI?

Swali gumu zaidi ni la usanifu. Herufi moja hutosha kubomoa fumbo zima, na Kiswahili kinachosomwa Nairobi, Mombasa, Dar es Salaam na Zanzibar hakilingani katika kila neno. Wengine huandika harusi, wengine arusi. Wasia kwa mmoja ni wosia kwa mwingine. Kifaa ambacho Wakenya wamefunzwa shuleni kukiita tarakilishi ni kompyuta kwa wengi. Hata kanga ya mfano wetu ni leso kwa Wakenya wengi, na ni idadi ya vijisanduku pekee itakayowazuia kuiandika.

Suluhisho si kuamua nani anasema Kiswahili bora. Ni kuchagua kamusi moja, kwa mfano Kamusi ya Kiswahili Sanifu iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1981 na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kuifuata bila kuyumba. Neno la upande mmoja likitumika, kidokezo kiseme hivyo. Jambo hili si dogo. Mfumbuaji akikwama huanza kwa kujitilia shaka mwenyewe, si gazeti. Na mtoto anayeona neno limeandikwa vibaya katika majibu yaliyochapishwa atalinakili hivyo hivyo katika insha yake, akiwa na ushahidi mkononi.

MASWALI YA MAARIFA

Ndugu wa fumbo la maneno ni maswali ya maarifa ya jumla, yale yanayoulizwa kwenye hafla za shule, redioni na katika mikusanyiko ya vijana. Wengi hudhani haya ni rahisi kuyatunga kwa sababu hayana jedwali. La hasha. Jedwali humzuia mtunzi asipotee; swali halina kizuizi ila uaminifu wake.

Swali zuri lina jibu moja tu, na neno moja likikosekana majibu huwa mawili. "Ziwa lipi kubwa zaidi barani Afrika?" Aliyejibu Victoria ana haki, kwa kuwa ndilo lenye eneo kubwa zaidi. Lakini aliyejibu Tanganyika ana hoja pia, kwa kuwa kina chake cha takriban mita 1,470 kimelifanya lihifadhi maji mengi zaidi. Mtunzi alipaswa kusema "kwa eneo". Hali kadhalika, anayeuliza ni mwanamke yupi wa kwanza kutoka Afrika kupata Tuzo ya Nobel, akitarajia jina la Profesa Wangari Maathai, atakuwa amemdhulumu Nadine Gordimer wa Afrika Kusini, aliyetuzwa kwa fasihi mwaka 1991. Maathai, mwaka 2004, alikuwa wa kwanza kwa Tuzo ya Amani. Tofauti ni neno moja, na neno hilo ni jibu la tatu la kushuka katika jedwali letu.

Mtego halali ni ule unaotumia sifa ya mtu mashuhuri kumficha mwingine. Waulize watu kumi Mkenya wa kwanza kushinda dhahabu ya Olimpiki, na usishangae wengi wakitaja Kipchoge Keino. Keino alishinda mbio za mita 1,500 mjini Mexico City mwaka 1968, lakini siku chache kabla, katika michezo iyo hiyo, Naftali Temu alikuwa amekwisha kutwaa dhahabu ya mita 10,000. Swali la namna hii humfanya aliyekosa aondoke na kitu. Swali la tarehe kavu humwacha na tarehe, ambayo ataisahau kabla ya kulala.

Watunzi wanaotoa majibu manne ya kuchagua, mtindo ambao Wakenya waliukulia katika mtihani wa KCPE kuanzia 1985 hadi 2023, mara nyingi hujishughulisha na jibu sahihi na kuyapuuza yale matatu ya uongo. Jibu la uongo lisiloweza kumdanganya yeyote ni nafasi iliyopotea. Katika swali la dhahabu ya 1968, Wilson Kiprugut, aliyeletea Kenya medali yake ya kwanza ya Olimpiki, shaba ya mita 800 mjini Tokyo mwaka 1964, anafaa kuwa mojawapo. Mwanasoka hafai.

Kuna pia adui aitwaye wakati. Daftari la maswali la mwaka 2000 lililouliza Jumuiya ya Afrika Mashariki ina nchi ngapi lilikuwa na jibu "tatu". Rwanda na Burundi zilijiunga mwaka 2007, Sudan Kusini 2016, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo 2022 na Somalia 2024, zikawa nane. Nane hiyo hiyo, ajabu, ndiyo iliyokuwa idadi ya mikoa ya Kenya kabla ya katiba ya 2010 kuleta kaunti 47. Kwa sababu hiyo watunzi waangalifu huandika mwaka ndani ya swali lenyewe, na kando ya kila jibu huandika mahali walikolithibitisha na siku waliyofanya hivyo.

Kisha humpa mtu mwingine ajaribu, asiyeyajua majibu, nao hukaa kando wakinyamaza. Pale atakapoinua kalamu na kuuliza "mna maana gani hapa?", hapo pana la kusahihishwa, hata kama jibu lake mwishowe litakuwa sahihi.