Je, Hiyo Inaweza Kutua Embakasi?

Muhula uliopita niliwapa wanafunzi wangu wa tafsiri kifungu kuhusu ndege kongwe ya Kimarekani, Catalina aina ya PBY-5A. Mmoja wao aliiita "ndege ya maji na bara". Nami, kwa pupa ya msahihishaji, nikalikata neno lake kwa wino mwekundu na kuandika pambizoni: "ndege ya majini". Alinijia ofisini na swali moja tu: "Mwalimu, hiyo yako inaweza kutua Embakasi?"

Nilinyamaza, maana alikuwa amenishika. Catalina ya kwanza, iliyoruka mwaka 1935, ilikuwa chombo cha maji matupu. Tumbo lake ni la mashua, na gurudumu halikuwapo. Ili ipandishwe ufukoni, sharti watu waingie majini waifunge magurudumu ya muda, kisha ivutwe. Ni mwaka 1939 ndipo ilipojaribiwa aina yenye magurudumu yake yenyewe, yanayokunjwa mbavuni. Hiyo ndiyo PBY-5A: upana wa mabawa mita 31.7, urefu mita 19.5, injini mbili za nguvu za farasi 1,200 kila moja, na uzito wa kupaa wa takriban tani 16. Mbio haikuwa nazo. Ikijikaza sana ilifikia kilomita 288 kwa saa. Sifa yake ilikuwa ustahimilivu, kwani iliweza kwenda kiasi cha kilomita 4,000 bila kutua.

Magurudumu hayo lakini yalikuwa mzigo wa kubebwa safari nzima, na Uingereza iliagiza nyingi zisizo nayo. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili Catalina zake zilikuwa na kituo Kipevu, Mombasa, zikisaka nyambizi. Agosti 1943 Catalina mbili za Uingereza ziliizamisha U-197 ya Wajerumani kusini mwa Madagaska. Kwa zile za bila magurudumu, neno langu lingefaa. (Mradi mtu asiseme "ndege wa majini", ambaye ni bata.)

Nilimrudishia alama zake. Hata hivyo nilimwambia kwamba "bara" kwa mtu wa Mombasa ni huku kwetu juu, si ardhi ya kutulia. Heri "ndege ya majini na nchi kavu". Akaniuliza ni rubani gani atakayetamka maneno yote hayo injini moja ikizimika. Bado tunabishana.