Utangulizi: Vita vya Otate na Suala la Mrithi

Wengi huingia katika historia ya samurai wakivutwa na mapanga na vita vya uwandani. Karibu, msomaji, lakini mimi nitakupitisha mlango mwingine: msiba wa bwana asiye na mtoto.

Mwezi wa tatu wa mwaka 1578, kwa kalenda ya Kijapani ya wakati ule, Uesugi Kenshin, mtawala wa Echigo, jimbo ambalo leo ni mkoa wa Niigata, alianguka ghafla ndani ya ngome yake ya Kasugayama. Siku nne baadaye akafariki. Hakuwahi kuoa. Hakuna wosia wa mkono wake uliotufikia. Aliacha vijana aliowafanya wanawe, na wawili kati yao hawakuweza kukaa chini ya paa moja.

Kagekatsu alikuwa mpwa wake, mtoto wa dada yake. Kagetora alitoka katika ukoo wa Hojo, mahasimu wa miaka mingi, na aliletwa Echigo mwaka 1570 kama dhamana ya mapatano ya amani. Hakukaa huko kama mateka. Kenshin alimpa jina alilolitumia yeye mwenyewe ujanani, kisha akamwoza dada yake Kagekatsu. Vita vilivyofuata vilikuwa vya mashemeji.

Nani basi alikuwa mrithi halali? Swali hili ndilo linaloifanya taaluma hii iwe hai hadi leo, na napenda kulionyesha kwa waraka mmoja. Mwaka 1575 liliandikwa daftari la wajibu wa kijeshi, likitaja wakubwa wa Echigo na idadi ya watu ambao kila mmoja wao alipaswa kuwaleta vitani. Kagekatsu yuko mwanzoni kabisa, anatajwa kwa cheo cha heshima, na anadaiwa watu 375: mikuki 250, bunduki 20, wapanda farasi 40, waliobaki wakiwa wabeba bendera na watumishi. Kagetora hayumo. Wapo wasomi wanaosema hayumo kwa kuwa hakuwa na uzito. Wengine wanasema hayumo kwa kuwa mrithi wa kiti hapangiwi zamu ya mikuki pamoja na watumishi wa baba yake. Ukimya uleule, hukumu mbili zinazopingana. Mimi naegemea kwamba Kenshin hakuwa ameamua, na kwamba kutoamua huko ndiko kulikoimaliza Echigo.

Kagekatsu hakungoja mjadala. Aliiteka sehemu kuu ya ngome, pamoja na hazina na ghala la silaha. Katika barua ya tarehe 24 ya mwezi uleule alieleza kwamba amehamia huko kwa kufuata maneno ya mwisho ya marehemu, na kwa kusihiwa na watu wake. Kagetora alikimbilia Otate, makazi yaliyokuwa chini mjini ya mzee Uesugi Norimasa, aliyekuwa amemfanya Kenshin mwanawe, na jina la makazi hayo likabaki kuwa jina la vita.

Lakini usidhani wakubwa wa Echigo walichagua kwa mapenzi ya vijana hawa. Nguvu ya Kagekatsu ilitoka kwa watu wa Ueda, nyumbani kwa baba yake. Jamaa wa Koshi, tawi jingine la ukoo na wapinzani wa Ueda tangu zamani, walisimama na Kagetora. Ugomvi wa mababu ulipata bendera mpya.

Msaada wa nje nao ulinunuliwa. Takeda Katsuyori, mkuu wa ukoo jirani wa Takeda, alifika akiwa rafiki wa Hojo, akaishia kupatana na Kagekatsu kwa dhahabu, kwa ardhi ya jimbo la Kozuke na kwa ahadi ya ndoa. Majeshi ya Hojo yalizuiwa na milima na theluji. Mwaka 1579 Otate ilianguka. Norimasa aliuawa njiani akienda kuomba suluhu, pamoja na mtoto mdogo wa Kagetora. Kagetora mwenyewe, hata miaka 30 hajaifikia, alisalitiwa katika ngome ya Samegao na kujiua.

Gharama ya vita hivyo haikuishia hapo. Takeda, akiwa amepoteza urafiki wa Hojo, aliangamizwa mwaka 1582. Shibata Shigeie, aliyempigania Kagekatsu, aliona hakutuzwa ipasavyo, akaasi, na uasi wake ulidumu hadi 1587.

Nyaraka za ukoo wa Uesugi, zaidi ya 2,000, zimehifadhiwa katika mji wa Yonezawa na zilitangazwa kuwa hazina ya taifa mwaka 2001. Ni utajiri mkubwa, ila zilitunzwa na nyumba ya mshindi. Nyumba ya Kagetora haikubaki ya kutunza chochote. Kwa hiyo, msomaji, unapoanza kazi hii, zisome sambamba na barua za Hojo na za Takeda. Ukizisoma peke yake, utakuwa umetoa hukumu baada ya kumsikiliza mdai mmoja tu.